Funza Hawaonyeshwi Mkwe

Kituoni, 3 Machi

Mama,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo. Binti yako anakusalimu na anasema unywe dawa ya presha hata siku unazojisikia mzima.

Ninaandika kwa sababu juzi nilikupigia simu, ukapokea, tukasalimiana vizuri, kisha sote wawili tukanyamaza mpaka salio likaisha. Binti yako alicheka hadi akakaa chini. Ameniambia, "Wewe na mama yangu andikianeni tu, kwenye karatasi hakuna wa kuangalia miguu yake." Nimeona ana haki. Barua hii anakuletea dereva wa trekta la kituo.

Nina ombi. Kituo chetu cha utafiti kinatafuta shamba la mkulima la kupandia aina mpya za miwa, tuone ipi inashambuliwa zaidi na funza, na kwa nini. Hatujaribu dawa. Tunaangalia maumbile ya muwa wenyewe: ganda lake ni gumu au laini, una nyuzi nyingi au chache, una vinyweleo au hauna, na majani yake yakikauka yanaanguka yenyewe au yanabaki yamelikumbatia shina. Nondo anayezaa funza hawa anapenda kutaga mayai kwenye majani makavu. Funza akianguliwa anajificha humo kwanza, akipata nguvu ndipo anatoboa pingili na kuingia ndani. Tunataka kujua ni muwa gani unamfungia mlango na upi unamkaribisha chai.

Ninaomba nusu ya shamba lako la bondeni. Lakini kuna sharti, na ndilo lililonifanya nisite kuandika. Miwa ikishaota, usivue majani makavu, usikate muwa uliotobolewa, usipige dawa. Funza waachwe wale watakavyo. Najua wewe ni mtu wa shamba safi, na kukuomba uliache kama la mvivu ni kukukosea adabu. Ila mkuu wa kituo aliponiuliza kuna mkulima gani ninayemwamini, nilikutaja wewe kabla hajamaliza swali.

Mimi mkweo.


Nyumbani, 15 Machi

Mkwe wangu,

Marahaba. Presha haijambo. Mwambie mwenzio aache kunichunga kama kuku anayetamia.

Shamba chukua. Hapo kwenye chai nimecheka peke yangu jikoni. Lakini hilo sharti, baba, limenikaa kooni. Marehemu baba mkwe wako alizoea kuwaambia watu kwamba mkewe anafagia mpaka shambani. Leo niache majani makavu yaning'inie, funza watoboe, ule unga wao umwagike kwenye matundu, na mimi nipite hapo nimekunja mikono? Nina jirani hapa tunamwita Mama Redio. Habari ikimfikia asubuhi, adhuhuri iko sokoni. Huyo utakuwa umemlisha mwaka mzima.

Basi, nimekubali kwa kuwa ni wewe. Ila ujue jambo moja. Nyinyi huko ofisini mnaonyeshana funza mkafurahi, ndiyo kazi yenu. Mimi na wewe ni wakwe. Mkwe akiingia nyumbani, hata kikohozi unakimeza. Kwa hiyo usinishangae nikiona haya.

Mama wa mwenzio.


Nyumbani, 9 Novemba

Mkwe wangu,

Vile vijiti vya rangi ulivyochomeka vimepauka vyote, nami nimeipa miwa yako majina yangu ili nisichanganye.

Ule wa kijiti chekundu ni mnene, laini, ukiutafuna maji yanachuruzika mpaka kwenye kiwiko. Huyo ni Bibi Harusi. Majani yake yakikauka hayaanguki ng'o, amejitanda nayo kuanzia miguuni hadi shingoni. Wa kijiti cha bluu ni mwembamba, mgumu, vinyweleo vyake vinawasha ukipita karibu, na majani yakishakauka anayavua mwenyewe anayatupa chini. Huyo ni Askari Mstaafu. Nilimtafuna siku moja, jino la nyuma likanikumbusha umri wangu. Wengine wako katikati, hawana visa.

Uliniambia niangalie tu bila kugusa. Nimeangalia. Funza wote wamehamia kwa Bibi Harusi. Ukifunua jani lake moja kavu unakuta familia. Matundu hayahesabiki, na ule unga wao umerundikana kwenye vifundo. Kwa Askari nilitafuta mpaka mgongo ukauma, nikampata mmoja, yuko juu ya ganda anahangaika kama mtu aliyenyimwa mlango.

Jana Mama Redio alisimama barabarani akapaza sauti, "Mama mkwe wa msomi, naona sasa unafuga!" Wapita njia wakacheka. Nilijifanya nacheka nao. Mkwe wangu, nilitamani ardhi ipasuke.

Mama wa mwenzio.


Kituoni, 18 Januari

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa, na nisamehe zaidi kwa habari ya Mama Redio.

Uliyoyaona ndiyo hasa tunayoyatafuta. Askari Mstaafu anajilinda kwa njia tatu: anavua majani, kwa hiyo nondo hana pa kutagia; ana vinyweleo, kwa hiyo kifunza kichanga kinahangaika kutembea; na ana ganda gumu, kwa hiyo meno ya funza yanagota. Bibi Harusi hana hata moja kati ya hayo. Shida ni kwamba kiwanda kinampenda yeye kwa sukari yake, na Askari wanamwona kama kuni.

Mwishoni mwa mwezi ujao tutakuja: mimi, mkuu wa kituo, na watu wawili wa kiwandani. Tutakata miwa kutoka kila kitalu, tuipasue, tuone pingili ngapi zimetobolewa.

Sasa nakuambia jambo ambalo nisingeweza kulisema mdomoni. Mkataba wangu unaisha Juni. Mkuu ndiye atakayeamua nibaki au nifunge virago. Ni mtu mkali, hapendezwi kirahisi, na mimi kwake bado ni mgeni. Binti yako hajui jinsi mambo yalivyo, nimemficha asiingiwe na wasiwasi. Naomba tu, mama, siku hiyo mambo yakae vizuri. Tusiaibike.

Mimi mkweo.


Nyumbani, 2 Februari

Mkwe wangu,

Nimesoma. Usiwaze. Mwanamke aliyemlea mkeo hajawahi kumwaibisha mgeni. Njooni tu.

Mama wa mwenzio.


Kituoni, 1 Machi

Mama,

Shikamoo sana. Tangu tulipoondoka kwako mkuu haachi kukusifu. Anasema miaka yote ya kazi yake hajapokelewa shambani namna ile, viti vimepangwa kivulini, maji ya kunawa, kila kitu. Umetuheshimisha, mama. Asante.

Na Bibi Harusi! Uliona mwenyewe. Mkuu alipasua muwa wa kwanza, mweupe. Wa pili, mweupe. Tumepasua fungu zima tukapata matundu ya kuhesabu kwa vidole, karibu sawa na Askari Mstaafu. Watu wa kiwandani walikuwa wanagonganisha viganja kwa furaha. Mkuu akasema, "Mtamu, na funza hawamwezi? Huyu ndiye tuliyekuwa tunamtafuta." Mimi nilibaki nimeduwaa.

Nimeandika ripoti. Imebidi nieleze kwa nini mambo yametoka kinyume na tulivyotarajia. Nimesema huenda lile jani linalolikumbatia shina kwa nguvu, badala ya kumficha funza, linambana asilifikie ganda. Mkuu amelipenda sana wazo hilo. Kuhusu kitalu cha Bibi Harusi kuwa na miwa michache kuliko vingine, nimeandika kwamba mbegu haikuota vizuri.

Mkataba wangu umeongezwa. Binti yako sasa nimemwambia yote, amelia kidogo kisha akanikaripia kwa kumficha.

Nina swali dogo tu, la kukamilisha ripoti. Novemba uliniandikia kwamba Bibi Harusi amejaa funza. Labda walihama, hutokea. Hakuna mtu aliyeingia shambani kabla hatujaja, sivyo?

Mimi mkweo.


Nyumbani, 12 Machi

Mkwe wangu,

Hongera. Nilisujudu barua yako ilipofika, na binti yangu asikukaripie sana, wanaume mmeumbwa kuficha.

Umeniuliza kama kuna mtu aliingia shambani. Mwizi hakuingia. Ng'ombe wa watu hawakuingia. Ua wa michongoma uko vilevile.

Uliposema nimekuheshimisha moyo wangu ulitulia, maana nilikuwa na wasiwasi kidogo. Nikajua umenielewa, na kwamba sisi wawili hatuna haja ya maneno mengi. Siku hizi Mama Redio ananisalimia kwanza.

Mama wa mwenzio.


Kituoni, 6 Agosti

Mama,

Shikamoo. Habari njema. Bibi Harusi amepitishwa. Kituo kimezidisha mbegu yake na tutaigawa kwa wakulima mvua za Oktoba zikianza. Mkuu ameagiza kikundi chenu cha akina mama kiwe cha kwanza, kwa kuwa muwa huo ulionekana kwako. Waambie wanaotaka mbegu waandae mashamba, wang'oe miwa ya zamani mapema, maana kuipanda mipya pembeni ya mizee ni kuhamisha funza kutoka chumba kimoja kwenda kingine.

Hapa kituoni wananiita Bwana Harusi. Naona haya, lakini nimezoea.

Mimi mkweo.


Nyumbani, 25 Agosti

Mkwe wangu,

Barua hii nimeianza mara nyingi nikaichana. Leo sichani.

Mbegu ile isigawiwe.

Bibi Harusi amejaa funza tena, kuliko hata mwaka jana. Nimepita asubuhi hii. Miwa mingine ukiigusa inakatika kama kijiti cha kiberiti, ndani imekuwa unga mwekundu. Askari amesimama vilevile hana habari. Na wewe unajua, au kama hujui basi ujue sasa: Februari Bibi Harusi hakuwa safi. Nilimsafisha mimi.

Uliponiandikia kwamba mkuu ni mkali, kwamba kazi yako iko mkononi mwake, kwamba tusiaibike, niliingia shambani na panga. Kila muwa wenye tundu niliukata chini kabisa, nikawapa ng'ombe. Iliyobaki niliivua majani makavu yote, nikatoa funza kwa vidole, mmoja mmoja. Visiki nikavifunika kwa udongo na majani. Vitalu vingine sikuvigusa, havikuwa na aibu. Nilifanya kazi siku nyingi, mkono wangu wa kulia mpaka leo haunyanyuki vizuri.

Sharti lako nililikumbuka. Usifikiri nilisahau. Nilijiambia hivi: sharti ni la kazi, lakini siku ya wageni ni siku ya wageni. Mtu gani anamwonyesha mkwe wake funza, tena mbele ya bosi wake? Niliona kama ninakutandikia kitanda. Sikujua kwamba funza wale ndio waliokuwa wageni wenyewe, kwamba mlikuja kuwatazama wao. Hilo limeniingia akilini pole pole sana, mwanangu, na lilipoingia nilikaa chini palepale mtaroni.

Halafu ukaniuliza kama kuna mtu aliingia. Nikakujibu habari za mwizi na ng'ombe. Nilijua unauliza nini. Mficha uchi hazai, na mimi niliuficha, nikafurahi kusifiwa. Naona haya mpaka kula kunanishinda. Kioo cha chumbani nimekigeuzia ukutani.

Akina mama wameanza kung'oa miwa yao. Zuia mbegu. Unitaje mimi, sijali.

Mama wa mwenzio.


Nyumbani, 20 Septemba

Mkwe wangu,

Nimemuuliza dereva wa trekta, amesema barua yangu alikupa mkononi, mkasalimiana, ukaiweka mfukoni. Basi unayo.

Mama Redio ameng'oa shamba lake lote. Lote. Mimi nilimwambia angoje kidogo, akasema, "Wewe unataka upande peke yako, uchoyo huo." Miwa yake ya zamani haikuwa kitu, lakini ilikuwa inamlisha. Sasa pale ni udongo mtupu, na kila jioni anakuja kuniuliza mbegu inafika lini. Na mimi, mtu mzima, najificha chooni mpaka aondoke.

Ningewaambia mwenyewe. Lakini nikisema bila wewe kusema, watasema bibi amechanganyikiwa, na lori likifika watapakua. Watamsikiliza mwenye lori.

Mvua zinakuja. Niandikie.

Mama wa mwenzio.


Kituoni, 28 Septemba

Mama,

Shikamoo. Sina la kujitetea kuhusu ukimya wangu. Nilikuwa natafuta njia ya kulieleza jambo hili bila kumuumiza mtu yeyote, na siku zikanikimbia.

Nimefanya ulivyoniomba. Nimempelekea mkuu taarifa na ugawaji umesimamishwa. Mbegu itateketezwa. Amekasirika sana, lakini amesema heri sasa kuliko mvua zikishaanza.

Naona bora usikie kwangu yaliyomo. Nimeandika kwamba mkulima mwenyeji aliingilia majaribio bila mtafiti kujua. Hiyo ni lugha ya ofisini tu, mama, usiichukulie vibaya. Ripoti lazima iwe na sababu. Na wewe mwenyewe uliandika nikutaje. Niliposema tusiaibike nilimaanisha viti na njia ya kupita, lakini nakiri nilipaswa kueleza vizuri zaidi.

Mkuu atakuja Jumamosi kulieleza kundi. Mimi sitaweza kufika, kazi zimenibana mno kipindi hiki. Binti yako hajui undani wa jambo hili, naomba kwa sasa tumwache hivyo.

Nisamehe kwa usumbufu wote.

Mimi mkweo.


Nyumbani, 7 Oktoba

Mkwe wangu,

Mkutano umefanyika.

Walikuja wote, waliong'oa na waliokuwa bado. Mkuu wako alisimama akasoma ile karatasi yako tangu mwanzo hadi mwisho, hakuruka neno. Alipofika kwenye "mkulima mwenyeji" hakunitaja, lakini shamba ni moja na mwenyewe ni mmoja. Shingo zikageuka. Nikasimama kabla hajamaliza. Nikawaambia ni mimi, nikawaambia kwa nini, nikawaambia na habari ya vidole. La kuvunda halina ubani, nilimwaga lote. Nikawaomba radhi, na Mama Redio nikamwomba peke yake, kwa jina alilopewa na wazazi wake.

Nilidhani watapiga kelele. Hawakupiga. Mmoja nyuma alicheka kidogo, akanyamazishwa. Nimezika mume, nimeuguza watoto, lakini siku kama ile sijawahi kuiona.

Ndipo Mama Redio akauliza. Hakupaza sauti, na unajua yeye sauti yake. Akasema, "Na mkweo je? Alijua?"

Mkuu wako akaacha kufunga mkoba wake.

Nikasema, "Hakujua."

Sasa nikueleze jambo, nawe ulisome ukiwa umekaa. Siku ile mlipokuja nilikuwa naleta sinia la maji, mimi niko nyuma ya michongoma, nyinyi mko ndani. Mkuu na wale wa kiwandani walikuwa wanapasua miwa. Wewe ulikuwa umeingia peke yako katikati ya kitalu cha Bibi Harusi. Ukakanyaga kisiki. Ukainama, ukakigusa, ukaona kimekatwa kwa panga na bado kinatoa maji. Ukasogea, ukakuta kingine. Ukageuka ukaangalia kama mkuu anakuona. Halafu ukasukumia majani juu yake kwa ncha ya kiatu, kiatu cheusi kile alichokununulia binti yangu, ukatoka unafuta mikono.

Mimi nililia pale nyuma ya michongoma, mkwe wangu. Nililia kwa furaha. Nilisema moyoni, huyu mtoto ameiona aibu yangu na ameifunika, Mungu amfunike na yeye. Miezi yote hii nilipokuwa najilaumu, hilo ndilo lililokuwa linanifariji, kwamba nina mkwe anayenisitiri. Hata uliponiuliza kama kuna mtu aliingia, nilisema ananipa nafasi ya kutoka kwa heshima. Hata uliponyamaza mwezi mzima, nilisema anatafuta namna ya kunikinga.

Kumbe hukuwa unanifunika mimi.

Nimesema uongo mara mbili katika jambo hili. Wa kwanza niliusema kwa kazi ya mikono, nikautubu mbele ya watu, nikashukuru nimepumua. Wa pili nimeusema Jumamosi, kwa mdomo, mbele ya mwanamke ambaye shamba lake ni udongo mtupu kwa sababu yangu na yako. Huo sijui niutubu vipi, kwa sababu si wangu. Nilikuambia hata kikohozi nitakimeza ukiwepo. Hiki nimekimeza na hukuwepo, na kimekwama.

Sijamwambia binti yangu. Usifikiri ni kwa ajili yako. Hayo ni ya kwako kumwambia, mimi sitaingia chumbani kwenu.

Jumamosi ijayo tunamng'oa Bibi Harusi wote, mizizi na yote, tumchome. Mbegu ya Askari Mstaafu tutaikata tugawane, Mama Redio anachukua kwanza. Anasema ni mgumu, kiwanda watalalamika, nikamwambia walalamike. Akina mama wamesema watakuja kusaidia, na wengine wamekubali kwa shingo upande, nawaelewa. Mikono yangu haitoshi, ule wa kulia nimekuambia habari zake. Kuna kazi ya mtu mmoja mwenye nguvu pale, na mtu huyo ni wewe.

Sikufundishi la kuwaambia. Wewe ndiye msomi, una maneno, yachague mwenyewe, ila yawe ya kweli. Na Mama Redio atakuuliza, namjua, atakuuliza vilevile alivyoniuliza mimi.

Usije na gari la kituo, na usije jioni ukitegemea kuwakuta wameondoka. Njoo mchana, watu wakuone.

Mama wa mwenzio.